Alfajiri samaki wanahema juu juu: barua za msimu wa joto

Tangu kaskazi ianze kuvuma barua zinazokuja hapa karibu zote ni za kilio kimoja, samaki wanakufa, samaki wanahema, maji yamekuwa ya moto kama ya kuogea mzazi. Nimechagua nne, hii ya kwanza nitaijibu kwa kirefu maana karibu kila kosa limo humo ndani, aliyeandika anisamehe.

"Shikamoo mzee wa samaki. Mi mfugaji mpya nipo Kibaha, nina bwawa la kuchimba mita 10 kwa 15, kina ni kama sentimita 70 hivi, nilipanda sato 1,200 mwezi wa tisa. Juzi naamka saa 12 asubuhi nakuta 87 wanaelea, tena wale wakubwa wakubwa niliokuwa nawahesabia hela, wadogo wazima wanacheza tu. Jioni yake nimetoka kazini nikawalisha wakala vizuri sana. Jirani mmoja anasema joto limewapika mwingine anasema nimetupiwa sumu. Maji ni kijani kabisa nilijua ndo chakula chenyewe, na banda la kuku nimelijenga juu ya bwawa mbolea inadondoka humo humo. Hela nimekopa kikoba, nifanyeje mzee wangu?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza huyo jirani wa sumu usigombane nae na usimsikilize, sumu haichagui, ingeondoka na wadogo na vyura na wadudu wa maji vyote. Samaki wakifa usiku mmoja kwa pamoja, wakatangulia wakubwa, cha kwanza cha kufikiria ni hewa, yani oksijeni ndani ya maji iliisha kabla hakujapambazuka na mwenye mwili mkubwa ndo mahitaji yake makubwa. Ugonjwa kwa kawaida hauji hivyo, ugonjwa unaokota leo watatu kesho watano.

Na joto halikuwapika. Sato raha yake ni maji ya nyuzi 27 mpaka 30, na hata yakipanda juu ya hapo anavumilia ingawa anateseka, sasa Kibaha pamoja na joto lake lote bado halijafika la kumuivisha samaki. Shida ni kwamba maji yakipata moto yanabeba hewa kidogo. Maji baridi ya nyuzi 20 yakishiba hewa yana kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yana kama 7 na nusu. Nimekupigia hesabu ya bwawa lako, mita za eneo 150 mara kina cha sentimita 70 ni lita 105,000, kwaiyo bwawa zima likishiba lina oksijeni haifiki hata kilo moja! Ni kama gramu 790. Hiyo wagawane sato 1,200 na uozo wa mbolea ya kuku na chakula kilichobaki chini na huo ukijani, tena na samaki mwenyewe akiwa kwenye joto mwili unaenda mbio, anataka hewa nyingi kuliko akiwa kwenye baridi. Kinachopungua ndo hicho hicho kinachohitajika zaidi.

Sasa huo ukijani ulioufurahia. Ni mimea midogo sana isiyoonekana moja moja kwa macho, na kweli mchana inatengeneza hewa mpaka inazidi, ndo maana saa 9 alasiri ukienda unakuta samaki wamechangamka unarudi nyumbani roho kwatu. Jua likizama inaacha kutengeneza inaanza kuvuta kama wengine wote. Hewa inashuka usiku kucha na chini kabisa inafika saa 10 na saa 11 alfajiri, saa ambayo wewe umelala. Na siku ikiwa na mawingu ndo balaa, mchana akiba haikuwekwa na usiku matumizi yako pale pale. Mi nina kawaida moja, msimu huu naweka alamu saa 11 nakwenda na tochi naangalia midomo. Ukikuta wamepanga midomo juu wanahema na wakikusikia wanazama kisha wanarudi tena hapo hapo, basi hujachelewa bado, wahi kuokoa.

Ya kuokoa ni kuyavuruga maji yaguse hewa. Kama una pampu chota maji ya bwawa hilo hilo uyarushe juu yaanguke kama mvua, kama huna pampu ingieni watu wawili na ndoo mchote na kumwaga kutoka juu mpaka jua litoke vizuri. Maji ya kisima ni mazuri lakini mengi yakitoka chini huwa hayana hewa, kwaiyo usilaze mpira ndani ya bwawa, uinue maji yaanguke juu ya bati au jiwe yatawanyike kwanza. Hiyo siku usilishe kitu. Waliokufa watoe wote ukawafukie, usiwaache wakaoza humo na wala usiwapeleke sokoni.

Alaf tuje kwenye kulisha jioni, hapa ndo nina ugomvi na nyie waajiriwa wote mnaofuga kwa muda wa ziada. Samaki akishashiba hewa anayoitumia inapanda kwa masaa kadhaa, sasa ukimlisha saa 12 jioni unampeleka kwenye usiku mrefu tumbo limejaa na hewa inapungua. Lisha kuanzia saa 3 asubuhi jua likiwa limeshafanya kazi, na ukilisha mara ya pili iwe kabla ya saa 10 alasiri. Kama haupo mwachie mtu nyumbani. Siku za joto kali au za mawingu punguza nusu, au acha kabisa, hakuna sato aliyekufa kwa kukosa chakula siku moja.

Banda la kuku ziba sakafu leo hii, mbolea ikusanywe iende kwenye migomba. Ujenzi wa banda juu ya bwawa una faida zake kwenye maji ya kina na samaki wachache, kwako wewe ni kuni kwenye moto. Kupima ukijani tumia mkono wako, ingiza mkono wima mpaka kiwiko, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko basi umezidi, toa maji ya chini kidogo kidogo uongeze mapya asubuhi mpaka kiganja kianze kuonekana. Usibadili bwawa lote kwa siku moja.

Na samaki ni wengi. 1,200 kwenye mita 150 ni wanane kwa kila mita ya eneo, bila mashine ya hewa mi siendi zaidi ya wawili watatu. Vuta kokoro asubuhi mapema wakati bado kuna ubaridi, uza hao wakubwa waliobaki hata kama hawajafika saizi uliyoitaka, kikoba wanataka hela sio saizi. Wakiisha ongeza kina, sentimita 70 jua linapiga mpaka kwenye tope, ukifika mita moja na robo samaki ana pa kukimbilia mchana.

Jambo moja zaidi kabla sijakuacha, mvua ya kwanza ya masika. Bwawa likikaa na joto wiki nyingi maji ya juu yanakuwa moto na mepesi, ya chini baridi na hayana hewa, yamelala tu kama mafuta na maji. Inakuja mvua kubwa ya baridi yanachanganyika ghafla na uchafu wote wa chini unapanda. Watu wengi wanapumua wakiona mawingu ya mwezi wa tatu, we usiku huo usilale.

"Assalamu alaykum baba. Nipo Muscat, nyumbani asili Unguja. Tuna kibwawa cha mapambo uani kama lita 3,000, koi na samaki wa dhahabu. Mwaka jana mwezi wa sita maji yalipungua nikafungua mpira saa 8 mchana niongeze, haijapita nusu saa koi wawili wamelala ubavu. Mume wangu sa hivi ananunua mifuko ya barafu anamwaga yote kwa mara moja. Ni sawa?"

Waalaykumu salaam mama. Maji uliyofungulia yalitoka kwenye tangi la juu ya nyumba, na nyie wenyewe mnajua kiangazi cha huko mtu anataka kuoga kwa maji ya baridi anafungua bomba la baridi linamuunguza! Umewamwagia chai. Ongeza alfajiri tu, na kwanza yaache yatiririke ukiyapima kwa mkono. Na yakiwa na klorini yanachoma matamvua hata yangekuwa ya baridi, kwaiyo yaweke kwenye pipa wazi kivulini siku moja nzima kwanza au utumie dawa ya kuondoa klorini wanayouza maduka ya samaki.

Barafu mwambie apunguze mkono. Koi ni samaki wa maji baridi kuliko sato, akipita nyuzi 30 anaanza kuteseka, lakini kushushwa ghafla ni mateso mengine. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu uziache zielee humo zikiwa zimefungwa, mbili tatu kwa wakati, maji yashuke nyuzi moja au mbili taratibu. Kivuli kitakusaidia kuliko barafu zote, ile nyavu ya kijani ya bustani iwambwe juu upande wa jua la mchana. Pampu ya chujio isizimwe usiku hata kidogo, najua kuna wanaozima kuokoa umeme, usiku ndo kazi yake yenyewe. Na maji yakikauka kwa jua chumvi haikauki inabaki, ukiwa unaongeza tu bila kutoa mwisho unapata kibwawa cha magadi, kwaiyo kila wiki toa kama sehemu moja ya kumi ndo uongeze. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanavutia kwa ubaridi wake lakini yamegusa mabomba ya shaba, na shaba kwa samaki ni sumu. Mwagia mrehani.

"Mzee mambo, mi niko Kilifi nafuga mumi kwa tangi la nailoni nyeusi. Wanapanda juu kila saa kuvuta hewa, nimeogopa. Oksijeni imeisha?"

Poa kijana. Mumi, huku tunaita kambale, ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu kama sisi, kwaiyo kupanda ni desturi yake, ila vifaranga wa wiki mbili tatu za mwanzo bado hawajakipata. Yeye hafi kwa hewa haraka, anaumia na amonia, sumu anayoitoa mwenyewe mwilini mwake, na maji yakiwa moto hiyo amonia inakuwa kali zaidi hasa alasiri. Wakiacha kula na ngozi ikawa na madoa mekundu, toa robo ya maji ya chini. Nailoni nyeusi inakunywa jua, jengea makuti upande wa magharibi. Usilifunike tangi likabana, atakosa pa kuvutia hewa.

"Habari za kazi. Sato wangu Morogoro macho yametoka nje, wanaogelea kwa kuzunguka kama wamelewa, kila siku nazika wanne. Jirani kanipa dawa ya kuku nimwage bwawani?"

Usimwage. Macho kutoka na kuzunguka msimu wa joto kunafanana sana na maambukizi ya bakteria wanaoitwa streptokokasi, wanapenda maji ya moto na samaki waliobanana. Dawa ya kuku kwa kukisia itaua bakteria wazuri wa bwawa itakuachia wabishi. Punguza chakula, punguza samaki, nyavu na ndoo zako zisiende bwawa la mwenzio, na mpelekee afisa uvuvi wa wilaya samaki wawili walio hai kwenye ndoo, sio waliokufa tangu jana.