Kovu Nyuma ya Jicho: Nilichochelewa Kukijua Kuhusu Mama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiuliza kama ipo dawa ya matone inayoyeyusha kovu lililo nyuma ya jicho la baba yake, mzee wa miaka 74. Nilimjibu kwamba haipo. Jibu hilo liliniuma, kwa kuwa swali hilohilo nililiuliza mimi kuhusu mama, nikiwa nimechelewa miezi saba.

Mama alikuwa akidarizi kofia. Siku moja alilalamika kwamba mistari ya vitobo inapinda, hata ile aliyoichora mwenyewe kwa rula. Mimi, msomi wa nyumba, nikamwambia ni mtoto wa jicho na kwamba tungeshughulikia jambo hilo wakati wa likizo yangu. Sijajisamehe. Mtoto wa jicho huleta ukungu. Mistari iliyonyooka ikianza kupinda, mara nyingi tatizo liko kwenye makula, yaani sehemu ndogo ya katikati ya retina (utando wa ndani, nyuma ya jicho, unaopokea mwanga) tunayoitegemea kusoma na kutambua nyuso.

Daktari alitueleza kwa subira kwamba ni ugonjwa wa kuzorota kwa makula uletwao na umri. Chini ya seli zinazopokea mwanga kuna tabaka la seli zenye rangi zinazozihudumia, na kadiri umri unavyosonga, mabaki ya mafuta na protini yaitwayo druseni hujikusanya chini ya tabaka hilo. Kwa baadhi ya wagonjwa, protini iitwayo VEGF huchochea mishipa mipya ya damu kuota kutoka koroidi, tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina; nayo ni mishipa dhaifu inayovuja maji na damu. Mwili huliona hilo kuwa jeraha, nao huanza kuliponya kama unavyoponya mguu uliokatwa: seli za kinga humiminika, ishara za kemikali kama TGF-beta hutolewa, na baadhi ya zile seli zenye rangi huacha kazi yake, huhama, na kugeuka kuwa seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazojenga kovu, na kujikunyata. Mguuni kovu hilo lingekuwa heri. Nyuma ya makula huzitenga seli za mwanga na chakula chake, nazo zikishakufa hazioti tena.

Ndiyo maana sindano za kuzuia VEGF, kama ranibizumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, hupunguza uvujaji lakini haziondoi kovu lililokwisha kukomaa. Hata tiba ikianza, hatari haiishi: katika utafiti wa CATT wa Marekani, uliolinganisha dawa za sindano hizo, baada ya miaka 2 ya matibabu, takribani asilimia 45 ya macho ambayo hayakuwa na kovu mwanzoni yalikuwa nalo. Basi ikiwa anayetibiwa anaweza kupata kovu, mnangoja nini ninyi mnaosubiri mshahara, sikukuu au likizo? Mzazi wako akisema mistari inapinda, mpeleke kwa daktari wa retina wiki hiyohiyo. Anayevuta sigara na aache, kwa kuwa sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu.

Jicho la kushoto la mama lina kovu katikati. La kulia tuliliwahi. Kila Ijumaa huvaa miwani yake ya kusomea, huliziba la kushoto, na kutazama ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, kisha hunipigia simu kunieleza alichokiona.

Msomaji wangu hakutaja hali ya jicho la pili la baba yake. Nimemwomba alipeleke likapimwe kabla wiki hii haijaisha, maana lililo na kovu tayari linatuonya kuhusu mwenzake.