Kondoo anakohoa na kupumua kwa shida: usingoje

Mkuu umeandika kondoo wako wawili wamekufa na mwingine anakohoa na kupumua kwa shida, pole sana. Kondoo kajitenga, kamasi nzito ya njano, mbavu zinapanda na kushuka kama ulivyoeleza, hiyo nimonia kabisa sio mafua ya kupita. Mpime joto kwa kuingiza kipimajoto njia ya haja kubwa, ikizidi nyuzi 40.5 muite daktari wa mifugo leo leo. Wengi wanaanza na OTC 20% (sindano ya antibiotiki oxytetracycline), 1 ml kwa kila kilo 10 za uzito wake, ila mpime uzito bana, kukadiria kwa macho ndo dozi inakuwa ndogo ugonjwa unarudi. Nyama usiguse mpaka siku za kwenye lebo ya dawa ziishe.

Ila mi naona tatizo ni hilo banda ulilozibia turubai pande zote eti baridi. Ingia alfajiri, chuchumaa usawa wa pua ya kondoo, macho yakiwasha basi ni amonia hiyo, gesi ya mkojo, inaunguza njia ya hewa halafu bakteria wanaokaaga kooni hata kwa kondoo mzima wanashuka mapafuni. Acha uwazi juu, chini pazibe, toa samadi.

Na ukinywesha dawa ya minyoo usimwinue kichwa sana, mi nilishaua jike hivyo hivyo, dawa ikaingia mapafuni.