Karatasi Sita, Kazi Sita

Wiki hii mmeuliza: mpiga kura anapaswa kujua nini kabla hajaingia kituoni? Kwangu mimi, ajue kwanza kazi ya kila cheo anachokipigia kura. Sera, chama na tabia ya mgombea ni mambo mazito, lakini asiyejua cheo kina mamlaka gani hana kipimo cha kupimia ahadi yoyote.

Nalisema hili kwa uchungu. Tarehe 4 Machi 2013, uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Katiba ya Kenya ya 2010, niliingia kituoni nikiwa nimezoea karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Siku hiyo nikapewa sita: ziliongezeka za gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake, na mahali pa diwani pakawa na mwakilishi wadi. Hapa kwetu Kwale kampeni zilikuwa zimetuimbisha "suti", yaani chama kimoja kuanzia juu mpaka chini, nami nikapiga suti. Ya rais nilikuwa nimeiwazia miezi. Ya mwakilishi wadi, niliyempa kura sikuwa namjua hata kwa sura.

Mgombea ubunge alikuwa ametuahidi muuguzi wa pili kwenye zahanati, na akina mama tulimpigia vigelegele. Miaka miwili baadaye mwanangu alishikwa na degedege usiku. Muuguzi wetu mmoja alikuwa likizo, mlango una kufuli. Tulimkimbiza kwa bodaboda, mimi nimempakata katikati, njia yote nikimwita jina asilale. Alipona, alhamdulillahi. Mheshimiwa alipokuja kwenye mazishi ya jirani nilimkumbusha ahadi yake. Akaniambia, "Mama, afya ni kazi ya kaunti."

Na hapo alisema kweli! Kosa lake ni kuahidi, na langu ni kutojua. Katiba imegatua zahanati, chekechea, barabara za kaunti, kilimo na mifugo, vyote viko kwa gavana na bunge la kaunti. Shule za msingi na sekondari pamoja na polisi ni vya serikali ya kitaifa. Mbunge hutunga sheria Nairobi na kuisimamia serikali, na zile fedha za maendeleo ya eneo bunge ndizo tunazoziona kwenye madarasa na basari. Seneta hutetea kaunti, hasa pesa zinapogawanywa. Mwakilishi wa wanawake naye ni mbunge kamili, mmoja kwa kila kaunti, 47 kwa jumla.

Anayebaki ni mwakilishi wadi, yule tunayemsaka kwa michango ya harusi na jeneza. Wako 1,450 nchi nzima, na hao ndio wanaopitisha bajeti ya kaunti na kumhoji gavana pesa zimekwenda wapi. Makadirio ya bajeti hufikishwa mbele yao kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla hayajapitishwa wananchi tuna haki ya kuitwa na kusikilizwa. Muuguzi wangu wa pili alikuwa humo, kwenye mstari wa mishahara ya wahudumu wa afya, na mtu wa kuusemea mstari huo nilimchagua kwa kufuata picha ya chama tu. Inaniuma mpaka leo.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wasomi. Hapana. Mama anayejua bei ya mahindi katika masoko matatu hashindwi kukumbuka vyeo sita. Tulichokosa ni mtu wa kutueleza mapema, kabla ya magari ya vipaza sauti kuingia kijijini.

Mwaka 2022 chama chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kiliwaita wagombea wa wadi, mmoja mmoja, chini ya mwembe wa msikitini. Swali lilikuwa lile lile kwa wote: bajeti ikija bila mshahara wa muuguzi wa pili, utafanya nini? Wawili walianza kuahidi visima. Wa tatu alituuliza zahanati inahudumia vijiji vingapi, akaandika jibu kwenye daftari. Siku ya kura, karatasi niliyoishika kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ile ya rangi ya mchanga, ya wadi. Nililisoma kila jina mpaka nikafika kwa yule wa daftari.