Kijana wa laibrari naye alikuwa analipwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Nani anakuchagulia muziki, wewe au simu yako?" Mimi ni msusi hapa Morogoro. Sabufa ya saluni inaimba kutwa, na anayeiongoza ni simu, maana mikono yangu iko kwenye kichwa cha mtu. Kwa hiyo jibu fupi mnalo. Lakini swali lenu limeniamshia jingine, na ndilo nitakalojibu: kabla ya simu alikuwa anachagua nani, na mfukoni mwake aliingiza nini?

Kwanza nitoe dukuduku. Asubuhi huwa naweka Mbaraka Mwinshehe. Mji huu haujamaliza kumlilia tangu ile ajali ya Mombasa mwaka 1979, na wateja wangu wa asubuhi ni watu wazima. Naweka wimbo mmoja wa bendi yake ya Super Volcano, nashika kitana. Wa pili unakuja Mbaraka huyo huyo. Wa tatu Franco, sina ugomvi na Franco. Nikifika utosini, tayari tuko kwenye amapiano, na mama wa watu aliyekuja kusukwa mtindo wa twende kilioni awahi msibani anatikiswa na besi. Simu hakuna aliyeigusa.

Mpwa wangu anasomea kompyuta. Aliniambia programu haijui sana muziki, zaidi inajua watu: inatazama waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na nini kingine, kisha inafuata kundi kubwa. Nikacheka, kwa sababu simu ya saluni asubuhi ni yangu na jioni ni ya wasichana ninaowafundisha kazi. Huenda nchi nzima ndivyo tulivyo, mzazi anasikiliza dansi kidogo kisha mtoto anaichukua simu. Programu itajifunza nini hapo zaidi ya kwamba Mbaraka akimaliza waingie amapiano?

Na kuna la hesabu. Spotify, programu ya muziki iliyofunguliwa rasmi Tanzania mwaka 2021, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Nyimbo zetu za dansi sekunde 30 bado gitaa linapiga hodi, mwimbaji hajafungua kinywa, na chemko, pale wimbo unapopamba moto watu wakainuka kucheza, liko mbali huko. Halafu wimbo wa dakika saba ukiusikiliza wote unahesabiwa mara moja tu, sawa na wa dakika mbili. Sasa wewe ungekuwa kijana unayeanza kuimba leo, ungeweka chemko la nini?

Basi nilitaka kuandika kwamba zamani ilikuwa bora, nikamkumbuka marehemu baba na redio yake ya mbao. Ilikuwa bora kwa nani? Bara tulikuwa na Redio Tanzania peke yake mpaka miaka ya tisini. Bendi ilirekodi pale pale, mashairi yakapitiwa kwanza, yakikataliwa yamekataliwa. Santuri zenyewe zilichapwa Kenya. Na bendi zilikuwa za nani? NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya DDC, yaani Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, Bima Lee ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya vijana wa chama tawala. Leo tunalalamikia makampuni matatu ya kigeni, Universal, Sony na Warner, kuwa yameshika muziki wa dunia. Sisi gitaa na ampi vilikuwa mali ya shirika, na mpigaji akihama anaviacha. Ule muziki ulikuwa mtamu, hilo silikatai, ila kuchagua hatukuchagua.

Aliyenichagulia vizuri kuliko wote alikuwa kijana mmoja wa laibrari karibu na stendi. Walio wadogo labda hawazijui laibrari hizo: chumba kimoja, kompyuta moja yenye feni ya kuipoza, ukuta umejaa makava ya sinema, unapeleka memori kadi yako unajaziwa nyimbo kwa shilingi mia kadhaa. Nilikwenda kutaka mipasho. Khadija Kopa, Mzee Yusuf na Jahazi, basi. Yule kijana hakuishika kadi. Akaniuliza, "Dada, wateja wako wanakuja saa ngapi?" Nikamwambia we jaza tu. Akasema hapana, mipasho asubuhi inaleta ugomvi, mtu anaweza kudhani anasemwa. Akaniuliza nani anasuka rasta na nani anaweka dawa, maana wa rasta anakaa muda mrefu na nyimbo zikijirudia anachoka. Akauliza kama kuna walokole. Wapo. Kama kuna mwenye mtoto mchanga. Yupo, mimi mwenyewe. Foleni imefika mlangoni, watu wananuna, yeye anapanga mafolda: la asubuhi, la mchana wa joto, la Jumamosi. La Jumamosi ndimo alimomweka Khadija Kopa.

Ndani ya folda la mchana akaweka nyimbo za kikundi nisichokijua. Vijana wa huku huku, wanaimba Kiluguru, ngoma ya nyumbani imechanganywa na kinanda cha studio ya bei rahisi. Nikamwambia hizo toa, zinanijazia kadi. Akasema, "Ziache wiki moja, dada. Ukizichukia nakujazia bure." Siku zilizofuata mama mmoja wa Matombo, huko Uluguruni, yuko chini ya draya, wimbo ukaingia, akatoa kichwa nje na roli zake zote, akaimba mpaka mwisho. Alilia kidogo. Akataka urudiwe, na wiki iliyofuata akaja na dada zake wawili, ambao hawakuwa na haja ya kusukwa. Kile kikundi kikawa cha saluni yangu. Wateja wanaingia wanauliza, "Leo hamtuwekei wale?" Mpaka leo nikiwa peke yangu nautia mdomoni ule wimbo, na Kiluguru sijui.

Ni mmoja wa waimbaji ndiye aliyenipa siri, alipomleta mchumba wake asukwe. Walikuwa wakimpa yule kijana elfu mbili mbili ili nyimbo zao ziingie kwenye kadi za watu. Za saluni alitoza zaidi, maana saluni zinasikika mpaka barabarani!

Hapo ndipo ninapokwama, Mhariri. Spotify ina mpango tangu mwaka 2020 unaoitwa Discovery Mode: mwenye wimbo anakubali kukatwa asilimia 30 ya malipo ya mahali wimbo uliposukumwa, na programu inausukuma zaidi kwenye redio zake na pale nyimbo zinapojipiga zenyewe. Nilipousoma nilichukia. Kisha nikajiuliza una tofauti gani na elfu mbili ya stendi, nikaona zipo, lakini si zote zinamfaa kijana wangu. Yeye aliuliza wateja wangu ni akina nani kabla ya kunitilia wimbo wa kulipiwa. Lakini pia Khadija Kopa hakupata hata senti moja kwa kadi zile, wala Mzee Yusuf. Programu, hata kwa ubahili wake, inalipa, ijapokuwa Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi chochote. Wale vijana wa Kiluguru wangezifikisha? Kwa sabufa yangu peke yake labda. Kwenye simu sijawaona kabisa, nimewatafuta kwa kila jina.

Na wenye simu nao wana stendi yao. Yangu ni Tecno. Boomplay, programu nyingine ya muziki, niliikuta mle ndani siku nafungua boksi, na kampuni inayotengeneza Tecno ni mmoja wa wenye Boomplay. Kumbe kabla sijaweka wimbo wowote nilikuwa nimeshawekewa duka.

Hata hivyo niseme na hili, ingawa linaharibu hoja yangu. Usiku mmoja nilikuwa nasikiliza taarabu ya Unguja nikapitiwa na usingizi, simu ikaendelea yenyewe ikanifikisha kwa Zein l'Abdin, fundi wa udi wa Mombasa. Niliamka kwa ule udi. Yule kijana wa stendi hakuwa naye, Redio Tanzania sikuwahi kumsikia, na Mombasa sijafika. Simu ndiyo iliyonipeleka, na kama kuna mtu alilipia nisikie, Mungu ambariki.

Kwa hiyo mkihesabu kura, yangu iwekeni upande wa simu. Bando la mwezi huu nimeshanunua. Ila mkipata nafasi ya kuwahoji wenye programu, waulizeni kwa nini wimbo uliolipiwa kusukumwa hauandikwi hivyo kwenye kioo ninapousikiliza. Na kama kuna msomaji wa Matombo au Mgeta mwenye nyimbo za wale vijana kwenye kadi ya zamani, azilete saluni, namsuka bure.