Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Namba Kinasema Nini?

Dalali ananiuzia Toyota IST. Anasema bei iko juu kwa sababu gari ni "namba E", kwa hiyo bado jipya. Nimwamini? (Msomaji, Igoma)

Usimwamini kwa hilo. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoachia fedha bure.

Namba zetu za Tanzania zina T, tarakimu tatu na herufi tatu. Tarakimu zikifika 999, herufi ya mwisho inasogea: DXA inafuatwa na DXB. Herufi ya mwisho ikiishiwa, inasogea ya katikati, na ya kwanza ndiyo inayokaa muda mrefu zaidi kabla ya kubadilika. Kwa hiyo E mwanzoni mwa herufi hizo tatu inakuambia kwamba gari limesajiliwa TRA (Mamlaka ya Mapato) baada ya namba D zote kwisha. Mwaka wa kutoka kiwandani haumo kabisa kwenye kibao. IST ya 2004 ikishushwa bandarini leo inapewa herufi za leo, sawasawa na gari lililoundwa mwaka jana.

Namba E ina thamani yake, kwani gari halijapigwa sana na mashimo yetu. Lakini thamani hiyo ilipiwe kwa kiasi chake. Omba kadi halisi ya gari, usome mwaka wa kutengenezwa, namba ya chasi, namba ya injini na rangi. Kisha fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi ndogo, namba ya chasi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha abiria. Futa vumbi na mafuta kwa kitambaa, halafu linganisha na kadi herufi moja moja. Ukiona mahali hapo pamesagwa, pamechomelewa au pamepakwa rangi isiyofanana na pembeni, acha gari hilo. Vuta pia mkanda wa kiti hadi mwisho: kwenye kibandiko chake cha chini mara nyingi kuna tarehe ya kutengenezwa, na haipaswi kupishana mbali na mwaka ulio kwenye kadi.

Kabla ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa Polisi na ule wa TIRA (mamlaka ya bima) wa kuhakiki bima. Vyote vinafanyika kwa simu. Faini zimeandikwa kwenye namba, na namba haibadiliki gari likibadili mwenye, hivyo deni la muuzaji utalirithi. Mkikubaliana, nendeni kuhamisha umiliki bila kuchelewa mkiwa na kadi halisi, mkataba wa mauziano, TIN (namba ya mlipakodi) na vitambulisho vya wote wawili. Kukaa na kadi yenye jina la mtu mwingine ni kumwachia yeye gari lako.

Nina Hiace ya familia yenye namba za njano. Nikiingiza barabarani kubeba abiria wa Buzuruga, kuna shida? (Msomaji, Kisesa)

Shida ipo, na kubwa yake inaonekana siku ya ajali. Kwetu rangi ya kibao inataja matumizi: njano ni gari binafsi, nyeupe ni gari la biashara, na maandishi ni meusi kote. Herufi na tarakimu zako zitabaki zilezile. Kinachobadilika ni matumizi yaliyoandikwa TRA, kisha vibao. Baada ya hapo unahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na bima ya gari la abiria. Wengi hubadili vibao tu na kuacha bima ya zamani. Bima iliyokatwa kwa gari binafsi haikuandikiwa abiria wa nauli, na kampuni ya bima ina haki ya kukataa madai. Fikiria watu 14 ndani ya gari lisilo na kinga.

Mwaloni Kirumba naona malori ya dagaa yenye kibao cheupe mbele na cha njano nyuma. Ni biashara au binafsi? (Msomaji, Kirumba)

Rangi hizo usizisome kwa sheria yetu. Kenya, na Uganda kwa vibao vyake vya mfumo wa zamani, nyeupe hukaa mbele na njano nyuma, hata kwa gari la nyumbani. Soma herufi: K ni Kenya, U ni Uganda, na namba za Rwanda huanza na R. Tela za Kenya huanza na Z. Usizichanganye na Zanzibar, ambayo nayo hutumia Z. Lori letu likionesha namba moja mbele na nyingine nyuma, si lazima kuwe na udanganyifu, maana tela husajiliwa kwa namba yake.

SM, SU na DFP ni za nani? (Msomaji, Magu)

SM ni Serikali za Mitaa, yaani halmashauri. SU ni shirika la umma. DFP ni gari la mradi unaogharamiwa na wafadhili. Zinazoanza na ST, kama STL, ni za Serikali Kuu. PT ni Polisi.

Kibao cha nyuma cha bodaboda yangu kimedondoka. Fundi anaweza kunichongea kingine? (Msomaji, Nyegezi)

Asichonge. Mtu aliyeokota kile cha kwanza anaweza kukifunga kwenye pikipiki ya wizi, na namba ya MC (herufi za pikipiki) itakayotafutwa ni yako. Anza kituo cha polisi upate taarifa ya upotevu, uipeleke TRA pamoja na kadi na kitambulisho, ndipo utengenezewe na mtengenezaji aliyeidhinishwa. Vibao hudondoka kwa sababu mtikisiko hulegeza nati na bati hupasuka kwenye tundu la skrubu. Funga kwa bolti mbili zenye washa pana na nati ya kujikaza, weka kipande cha mpira wa tyubu nyuma ya bati, na uzikaze upya kila unapobadilisha oili.