Usimuulize bibi mila zetu

Mwanangu,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti nikacheka peke yangu. Unasema umeanza kukusanya mambo ya ukoo, misemo, hadithi, miiko na vichekesho, ukamwanza bibi yako. Ukaketi mbele yake, simu tayari kurekodi, ukamwomba akueleze mila na desturi za familia. Naye akakujibu, "Sisi hatuna mila, mjukuu wangu. Labda kawaulize wa upande wa baba yako." Sasa unataka kujua kama bibi amesahau, anakuficha, au kweli hatuna kitu.

Hajasahau wala hakufichi. Kwake mila ni mambo makubwa ya wazee kukaa safu na watu kuvaa rasmi. Yale anayoyasema na kuyafanya kutwa nzima ni maisha tu, na hajui kama kuna mtu atayatafuta kwa daftari.

Usione haya, maana wasomi pia yamewakuta. Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani mweusi, alirudi Florida mwaka 1927 kukusanya hadithi za watu wake, akitokea masomoni New York na Kiingereza chake cha darasani. Akawa anawauliza watu kwa adabu kama wanajua hadithi au nyimbo za asili. Watu waliokuwa nazo tele wakatikisa vichwa: huku kwetu hakuna, labda wilaya ya jirani, kajaribu huko. Ameyasimulia mwenyewe baadaye. Hadithi alizipata aliporudi tena akakaa nao barazani, wakipiga soga na kushindana nani muongo zaidi. Jibu alilokupa bibi ni lilelile, nusura neno kwa neno.

Kwa hiyo achana na neno mila, uliza tukio. Muulize nani alimbandika mjomba wako lile jina la utani, na kwa kosa gani. Muulize jino lake la kwanza lilipong'oka aliambiwa alipeleke wapi. Muulize mama yake alikuwa akiwatisha na nani ili walale. Ukimuuliza mtu mzima anaamini nini kuhusu kiatu kilicholala kifudifudi, atadhani unamfanyia dhihaka. Lakini kipindue pale mlangoni ukae kimya, uone nani atainuka kukigeuza. Hapo ndipo pa kuuliza kwa nini.

Jambo jingine, bibi yako hazungumzi mikono ikiwa mitupu. Mpe nguo za kukunja, na hakikisha mama yako mkubwa yupo. Mtu akihojiwa peke yake hutoa majibu mafupi ya adabu. Wakiwa wawili, mmoja akisimulia mwenzake anamkatiza, "Siyo hivyo!", na katika ule ubishi ndimo vinamotoka vitu ambavyo hata kuviuliza usingejua.

Chukua ule msemo wetu wa "mwavuli mkavu". Tangu utotoni unausikia kila mtu anapotoa udhuru uliopangika mno, na sidhani kama umewahi kuuliza umetoka wapi. Bibi husema ni babu yako mdogo. Alichelewa kwenye kikao cha posa, akaingia huku akiilaani mvua iliyomkamata njiani, maji yakimchuruzika mabegani. Wazee wakampa pole. Akaufungua mwavuli wake auanike, ukamwaga vumbi. Kumbe mvua hiyo aliitoa kwenye ndoo ya majirani.

Mama yako mkubwa anasema sivyo, huyo alikuwa babu yako hasa, tena hakikuwa kikao cha posa, alikuwa anamkwepa mtu anayemdai. Na mimi niliambiwa mwavuli wenyewe ulikuwa wa kuazima, na mwenye mwavuli alikuwa amekaa palepale kikaoni. Usituulize nani mkweli. Andika zote tatu, kila moja na mwenyewe, kisha utazame. Bibi hawezi kukubali mumewe awe kichekesho cha ukoo, kwa hiyo kesi anampa shemeji yake. Mama yako mkubwa alikuwa kipenzi cha baba yake, na kwake ule ni ujanja wa kujivunia. Mimi, wewe mwenyewe utasema ninavyojulikana kwa kuongeza chumvi. Ukituchanganya ukatoa hadithi moja safi, hayo yote yanapotea.

Na tamaa ya kusafisha itakujia, jiandae. Jakob na Wilhelm Grimm, wale ndugu wa Kijerumani ambao mkusanyo wao wa kwanza ulitoka mwaka 1812, nao walichota sana kwa marafiki na majirani. Mmoja wa wasichana waliowasimulia, Dortchen Wild, Wilhelm alikuja kumwoa mwaka 1825. (Wewe usinichekee, nasimulia tu.) Lakini kila toleo jipya lilizidi kunyooshwa. Katika toleo la kwanza, anayetaka kumuua yule msichana wa kioo na tufaha, Schneewittchen, ni mama yake mzazi. Toleo la 1819 likamfanya mama wa kambo. Mama wa kambo wa dunia nzima wangekuwa na haki ya kudai fidia. Kwa hiyo bibi akitukana katikati ya hadithi, andika tusi. Akikosea jina akajirekebisha, andika yote mawili. Akinyamaza mahali, andika kwamba alinyamaza.

Kuhusu kipi kiandikwe pembeni ya hadithi, waige watoto wa shule wa Ireland. Kati ya mwaka 1937 na 1939, zaidi ya watoto 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 walipewa kazi ya kwenda kuwauliza wazazi, mababu na majirani habari za michezo, vitendawili, tiba, methali na visa vya mahali wanapoishi. Walikuwa watoto wa shule ya msingi, na mwandiko wao ndio unaosomwa na watafiti mpaka leo. Kilichoipa kazi yao uzito ni kwamba wengi hawakuishia kwenye hadithi, waliandika pia ni nani aliyewaambia, ana umri gani na anakaa wapi. Wewe ongeza mawili: nani alikuwepo wakati inasimuliwa, na kwa kawaida husemwa lini. Kuna utani mama yako mkubwa hausemi mbele ya shemeji zake hata umlipe. Bila kujua hilo, utani huo ukiusoma karatasini hutaona kinachochekesha.

Usiishie kwa wazee, lakini. Vijana mna kasumba ya kudhani mambo haya yako kwa watu wenye mvi tu. Yule rafiki yako muuguzi, muulize kwa nini kwenye zamu ya usiku hakuna anayethubutu kusema "leo kumetulia". Waliosoma na wewe, waulize kalamu gani ilikuwa ya bahati siku ya mtihani. Na kundi letu la ukoo kwenye simu, zile picha za salamu za asubuhi unazozifuta bila kuzifungua, nazo ni desturi, ina fundi wake na ina watu wanaonuna wasipojibiwa. Hifadhi chache kabla simu haijajaa.

Umeuliza pia kama urekodi au uandike. Rekodi, kwa sababu sauti ya bibi huwezi kuiandika. Lakini sikiliza na kuandika mapema, ndani ya wiki ikiwezekana. Ukikaa muda mrefu utasikia anasema "lilikuwa kubwa kama hili hapa" na hutakumbuka alikuwa anaonyesha nini. Kila rekodi ipe jina la msemaji na tarehe, na nakala yake iwekwe nje ya simu yako. Hilo halihitaji maelezo, simu zako ngapi zimeibiwa?

La ruhusa ndilo usilifanyie mchezo. Mwambie mtu kabla hujabonyeza, si baada. Ukitaka kumtumia mwingine, rudi umwombe tena, kwa kuwa aliyekuruhusu kurekodi hakukuruhusu kusambaza. Ndugu huongea na wewe kama mtoto wao, wakasahau kwamba kuna mashine mezani, na katika ukoo huu kuna ndoa na mashamba ambayo yakisikika vibaya watu hawatazikana. Ukiona mtu anashusha sauti na kutazama mlango, zima simu bila kuambiwa. Utakachosikia hapo ni chako wewe, si cha mkusanyo.

Jumamosi nitakuwa kwa bibi, na nguo za kukunja zipo nyingi. Njoo mchana. Mama yako mkubwa nitamwambia umeshaandika kwamba mwavuli ulikuwa wa babu mdogo, kwa hiyo atawahi kufika.

Mama yako