Siku moja Shanghai na mita tatu za hariri

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, siku moja yatosha kusema umeujua mji?", limenigusa. Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Tangu udogoni nimewaona watalii wa meli wakishushwa Kilindini asubuhi, wakitiwa kwenye basi, wakipelekwa Fort Jesus, wakipigwa picha chini ya Mapembe, yale matao ya umbo la pembe za ndovu barabarani, wakinunua twiga wa mbao, na magharibi haijaingia wamesharudi melini. Tulikuwa tukiulizana: hawa wakifika kwao watasema wameiona Mombasa? Mombasa ipi, na hata mahamri na mbaazi hawajaonja? Kwa hivyo jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Haitoshi, na anayesema yatosha anajidanganya.

Lakini nami niliwahi kuwa katika hali hiyo hiyo. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika meli ya watalii, fundi cherehani: sare za wahudumu, mapazia, vitambaa vya meza, na zipu za abiria waliokula vizuri. Baharia hapewi siku, hupewa masaa. Oktoba 2019 tulitia nanga Shanghai, na nikapata kibali cha kushuka kuanzia saa mbili asubuhi, kurudi saa kumi na moja jioni. Pasipoti inabaki melini. Unatoka na karatasi ya kibali na kitambulisho cha kazi, basi.

Gati ya meli za watalii iko Wusongkou, pale mto Huangpu unapoingia Yangtze, na mtu asidhani ukishuka umefika mjini. Ni kama kushushwa Mazeras ukaambiwa hiyo ndiyo Mombasa. Nilikuwa na mwenzangu wa Tanga, mpishi, tukapanda treni ya laini ya 3 inayopita juu ya nyumba. Dirishani unaona maghorofa, halafu maghorofa, na nguo zimeanikwa kwenye vijiti virefu vilivyochomoza nje ya madirisha, mashuka na suruali juu ya vichwa vya watu. Mwenzangu alitaka Bund, kule kwenye majumba ya zamani ya mabenki yanayotazamana na mnara wa televisheni wa mita 468 ng'ambo ya mto. Akaniambia, "Fundi, twende huko, picha zote ziko huko." Nikamwambia, kaka, wewe tangulia, mimi nina safari yangu.

Safari yangu ilikuwa ya cherehani. Mama yangu ameshona maisha yake yote kwa Butterfly, ile nyeusi ya kukanyaga yenye kipepeo cha dhahabu ubavuni. Kwetu kila mtaa una fundi mwenye nayo. Na ya mama imeandikwa Shanghai. Neno hilo nimelisoma kabla sijaweza kusoma vizuri jina langu, nimekaa chini ya meza naokota vipande. Kwa hivyo sikutaka minara. Nilitaka kwenda wanakoshona.

Kuna soko la vitambaa karibu na daraja la Nanpu, lile ambalo barabara yake hujizungusha kama konokono kabla ya kupanda juu ya mto. Ni jengo la ghorofa tatu, kibanda kwa kibanda, majora mpaka darini, na mafundi wamekaa katikati yake wakipima watu. Nilizunguka saa nzima nikishika tu. Mwisho nikasimama kwa mama mmoja wa makamo, nikaona hariri ya rangi ya kunazi mbivu. Nikauliza bei kwa ishara. Akanyoosha kidole gumba na cha shahada, kisha akakunja ngumi. Nikaelewa: mbili, na sifuri. Yuan 20 kwa mita! Nikaonyesha vidole vitatu, akapima, akakata. Mkasi wake ulipita moja kwa moja bila kusimama, kama wa mama yangu.

Nikampa yuan 60. Akatikisa kichwa, akarudia ile ishara. Nikahesabu tena mbele yake, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Akatoa kikokotoo, akaandika 240.

Damu ilinipanda usoni. Niliamini kabisa kwamba ameniona mgeni, mweusi, peke yangu, akaamua kunibana baada ya kukata. Nilisema maneno kwa Kiswahili ambayo sitayarudia hapa. Yeye naye alikasirika, na kitambaa kiko baina yetu kimeshakatwa. Ndipo mzee wa kibanda cha pili, fundi wa zile nguo zao za kike zenye kola ya kusimama, akainuka. Alikuwa akisokota vifungo vya fundo kutoka utepe uliokatwa kwa mshazari. Akaviweka chini, akanishika mkono, akaanza kuvikunja vidole vyangu kimoja kimoja. Moja mpaka tano ni kama kwetu. Sita ni gumba na cha mwisho. Saba vidole vitatu vimekutana ncha. Nane: gumba na cha shahada. Kumi, ngumi. Yule mama hakusema mbili na sifuri. Alisema nane za makumi.

Mfukoni nilikuwa na yuan 150. Nilikwenda benki ya jirani na dola zangu, wakataka pasipoti, nayo iko melini. Nikarudi mikono mitupu, nikamwekea mama yule yuan zote na noti ya dola 20, nikamwashiria achukue tu, yaishe. Akamwita binti mmoja, wakaitazama noti kwenye mwanga, wakaangalia simu, wakaandika 140. Wakajumlisha, wakatoa. Akanirudishia yuan 50, akazikunja akanitia mwenyewe mkononi. Ni mtu niliyekuwa nimemtukana nusu saa kabla.

Nilimwonyesha yule mzee picha ya mama yangu amekaa kwenye cherehani. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka kipepeo kikajaa kioo, akasema "hudie", yaani kipepeo, akakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, mara mbili tatu, kama anayeendesha. Kisha akanitolea tepu yake: upande mmoja sentimita, upande wa pili vipimo vyao, cun, kila moja sentimita tatu na kidogo. Tukakaa tunapimana mabega mpaka nikakumbuka saa.

Bund sikuiona. Usiku mwenzangu alinionyesha picha zake, nzuri sana, na nikaona wivu, sitaficha.

Sasa nirudi kwenye swali, maana naona nimeanza upande mmoja nimetokea mwingine. Kuujua mji kwa siku moja, hapana, hilo silibadilishi. Shanghai siijui. Lakini kufika nilifika, na nadhani kilichonifikisha ni kule kukosana na mtu na kupatana naye siku ile ile. Mtalii anayeongozwa kwa bendera hapewi nafasi ya kukosana na mtu. Pengine nami nisingeipata nisingekuwa fundi, au pasingekuwa na yule mzee jirani. Kwa hivyo nasema kufika yatosha, kwa anayekwenda na shughuli yake, na sina hakika kama nina haki ya kulisema hilo kwa wengine. Wale wa Mapembe pia sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao aliona nini.

Hariri ile mama aliishona gauni, dada yangu akalivaa siku ya kupamba. Nilipomtajia mama bei kwa vidole, alidhani nimelipa 20, akanisifu sana.